Mdogo wangu, kabla hujauza patasi zako

Mdogo wangu,

Nimesikia unataka kuuza patasi ununue bodaboda. Siandiki kukuzuia, watoto lazima wale, ila kuna fundi mmoja wa Brazil nataka umjue kwanza.

Ni Antônio Francisco Lisboa, watu wanamjua zaidi kama Aleijadinho. Mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa, baba yake Mreno, fundi wa majengo pale Vila Rica, siku hizi Ouro Preto, mji uliojengwa kwa dhahabu ndo maana makanisa yake yana nakshi vile. Alishakuwa fundi mwenye jina ugonjwa ukamvamia, mpaka leo watu wanabishana ulikuwa ugonjwa gani, mikono ikaharibika vibaya. Bretas, aliyeandika habari zake 1858, anasema alikuwa anafungwa patasi na nyundo mikononi ndo anafanya kazi.

Na kwa hali hiyo, kati ya 1796 na 1799, karakana yake ikachonga kule Congonhas, mji mwingine wa Brazil, sanamu zaidi ya 60 za mwerezi, kubwa kama mtu kabisa, mateso yote ya Yesu kuanzia karamu ya mwisho hadi msalabani, zimepangwa kwenye vikanisa sita njiani unapopanda kwenda kanisa kubwa. Rangi walikuja kupaka wengine, akiwemo Manuel da Costa Ataíde. Mtazame Kristo, ndevu zimegawanyika mbili kidevuni, mishipa ya shingo inaonekana, we mwenyewe unajua ilivyo kazi kutoa mshipa kwenye mti bila kupasua!

Sasa panaponiuma mimi ni hapa. Aliyekuwa anamfunga vile vyuma ni Maurício, mtumwa wake, na yeye pia mchongaji. Mtoto wa mama mtumwa, halafu anamiliki watumwa, hilo siwezi kulipita kimya hata nimpende vipi. Na ukiangalia vizuri, Kristo kachongwa kwa mkono wa fundi mkuu, ila askari wengi wa Kirumi ni wagumu wagumu, nyuso hazina uhai, hao waliachiwa wasaidizi. Kila nikiwaona hao askari namfikiria Maurício, maana wanaosifia Congonhas wengi hata hawamtaji.

Nakutumia picha WhatsApp. Anza na karamu ya mwisho, kuza uone mikono ya mitume walivyoshtuka, halafu nipigie uniambie we ungeanzia wapi kwenye gogo.

Kaka yako