Shukrani kwako uliyetuonyesha namna ya kuchora mkono wa roboti

Hukujitaja jina, nasi hatukukuuliza. Basi zipokee shukrani hizi popote ulipo. Uliufungua mchoro wa kompyuta wa roboti yetu ya FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ukaukagua mkono wake kiungo kwa kiungo, na badala ya kutuchorea upya ukatuonyesha pa kuanzia: mchoro mmoja wa msingi wenye vipimo vyote vikuu, ambao kila kipande kinautegemea. Sasa tukibadili urefu wa mkono, mabamba, shafti na matundu ya skrubu hufuata yenyewe. Raha iliyoje!

Ukatufundisha pia kuchora kisanduku cha inchi 18 kila upande, mipaka ambayo roboti hairuhusiwi kuivuka mechi inapoanza, kisha kuukunja mkono ndani yake kwenye skrini kabla ya kukata hata bamba moja la alumini. Hapo ndipo tulipoiona mota ikichungulia nje. Na lile la uzito: kujaza malighafi halisi ya kila kipande, iwe alumini, plastiki au chuma, ili programu ikokotoe kitovu cha uzito mkono ukiwa umenyooshwa. Wengi hulipuuza, halafu hushangaa roboti ikipigwa mweleka na mkono wake yenyewe.

Nyaya hukuzigusia, ila hizo ni balaa la kila timu.

Faili ya STEP ya ile gia uliyoisifu, yaani mchoro wa 3D unaofunguka katika programu nyingi za uchoraji, tumeiacha wazi. Ichukue, uibadilishe utakavyo. Ahsante sana, mwalimu.