Risala ya wanaojitolea kuhifadhi mabehewa ya kale Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwenyekiti wetu, Chifu na wazee wa mtaa, wastaafu wa reli, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo.

Kwa niaba ya kikundi chetu, tunakukaribisha Kisumu kwa mikono miwili. Tunajua una shughuli nyingi. Barua yako ilisema saa tatu asubuhi. Sasa ni saa saba kasorobo na furaha yetu haijapungua hata kidogo. Wanafunzi wa ngoma wanaomba radhi, ilibidi wale kwanza.

Historia tutaipitia mbio mbio. Reli ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa ziwani Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walifia kazini. Tawi la Butere likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Treni za mvuke zilikwisha, zikaja za dizeli, nazo zikasimama kwa miaka, hadi treni ya abiria iliporejea Kisumu mwishoni mwa 2021. Katikati ya hayo yote, vitu vingi vilioza au vilikatwa vikauzwa kwa kilo. Ndipo wazee wachache waliostaafu reli na vijana wasio na kazi maalumu wakaungana kuokoa kilichobaki.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Tumekarabati kiberenge cha kusukumwa kwa mkono, nacho kinakwenda mbele vizuri sana. Kurudi nyuma tunakishughulikia. Tumekwangua kutu na kupaka rangi upande mzima wa behewa, huu unaoutazama. Tunaomba usizunguke upande wa pili hadi mwakani. Tumevutia watalii wa kimataifa, wawili, waliokuwa wakitafuta njia ya ufuo wa Dunga. Na shule za jirani huleta watoto, wakamsikiliza mzee aliyekuwa faymani, mchochea moto wa injini, akieleza jinsi mvuke unavyosukuma pistoni, wakatoka hapo wakitaka wote kuwa madereva wa treni.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye jambo lililotuleta. Tunaomba paa.

Behewa hili ni la mbao. Paa lake halikutengenezwa kwa bati, ni mbao nyembamba zilizopangwa kwa mviringo, juu yake turubai lililogandishwa kwa rangi nzito. Turubai likichanika, maji hayadondoki hapo hapo ukaweka ndoo. Hutambaa ndani kwa ndani mpaka kwenye kona, pale mbao inapokutana na chuma. Chuma kinashika kutu, kutu inavimba, inaisukuma mbao, skrubu zinaachia. Mwezi uliopita fundi wetu, seremala wa zamani wa karakana ya reli, alidunga bisibisi kwenye nguzo ya kona mbele ya kamati nzima. Ilizama hadi mpini kama kisu kwenye ndizi mbivu. Hakusema neno, akaifuta bisibisi kwa kitambaa akaenda kukaa chini.

Na hali ya hewa ya Kisumu unaijua. Mchana jua linapasua rangi, jioni mvua ya ngurumo inaingia kwenye nyufa hizo hizo. Rangi tunayopaka Jumamosi ni kama tunapaka ili mvua ioshe.

Mgeni mmoja aliyewahi kusimama hapo ulipo alitutuliza kwa kusema kwamba hata kule makumbusho ya reli Nairobi injini kubwa zimekaa nje. Ni kweli. Zile injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zilikuwa 34 na zimesalia mbili tu. Lakini hizo ni chuma cha tani zaidi ya 250 kila moja. Chuma hicho kinaweza kuvumilia. Mbao yetu haina subira hiyo.

Mgeni huyo huyo, baada ya makofi, alituahidi mabati. Alisema, "Hilo lihesabuni kama limeshafanyika." Tulilihesabu, na tungali tunalihesabu. Aliyemfuata aliahidi mabati na misumari, akapigwa picha ameshika nyundo. Nyundo ilikuwa yetu. Kwa hiyo Katibu hakupata taabu kuandika risala hii. Ameichukua ya zamani akabadilisha jina la mgeni na bei ya mabati, ambayo imepanda.

Kuna jambo la pili linaloshikana na hilo. Behewa tulikabidhiwa kwa mdomo, na kiwanja hiki si chetu. Tukisimamisha nguzo bila barua, tutaambiwa tubomoe. Tumeandika kwa ofisi inayohusika, tukagongewa mhuri wa kupokelewa, basi. Bila barua pia hatuna la kumwambia askari tukimshika mtu na vishikio vya milango vya shaba. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022 tulipumua kidogo. Marufuku ilipoondolewa baadaye mwaka huo huo, tukarudi kulala hapa kwa zamu.

Hatuombi pesa taslimu, Mheshimiwa, maana tunajua maneno huja baadaye. Tunaomba mabati, nguzo za chuma, na sauti yako kwenye ofisi hiyo ili barua itoke. Ufundi tunao. Vipimo vimechorwa na viko kwenye bahasha ya kaki utakayopewa pamoja na zawadi yako ya kikapu.

Kitabu cha ahadi kipo mezani mbele yako. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni ahadi, na ya tatu tumeiongeza mwaka huu: tarehe ya kuleta. Tunaomba pia namba ya simu, ile unayoipokea wewe mwenyewe.

Chai iko tayari chini ya mwembe. Asante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Kamati.