Mwanangu, mtazame vizuri Mzee Godfrey

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani. Sote hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu, na mvua za vuli zimeanza vizuri.

Juzi kwenye simu uliniuliza kile kipindi ambacho wazee unaowatunza hawakubali kukikosa Jumamosi jioni kinahusu nini hasa. Halafu ukagusia, kama jambo la kupita tu, kwamba wenzako kazini wanakuona mpole kupita kiasi. Nimeona nikujibu yote mawili katika barua moja, maana ipo sehemu ya kipindi hicho ambayo sijaisahau tangu nilipokuwa masomoni huko Uingereza.

Kipindi chenyewe ni Dad's Army. BBC ilitengeneza sehemu 80, kati ya mwaka 1968 na 1977. Ni kichekesho cha runinga kuhusu mgambo wa Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, lakini mambo yake ni ya kweli. Mei 1940 majeshi ya Hitler yalikuwa yanaifagia Ulaya Magharibi, na Waingereza wakawa na hofu kwamba adui atawashukia kwa miamvuli wakati wowote. Tarehe 14 mwezi huo Anthony Eden, Waziri wa Vita, alitangaza redioni akiwaita wanaume wa miaka 17 hadi 65 wajitolee kuwa mgambo. Hapakuwa na mshahara. Hadi mwisho wa Julai walikaribia milioni moja na nusu, na wengi walianza mazoezi wakiwa na vitambaa vya mkononi badala ya sare. Jimmy Perry, mmoja wa waandishi wawili wa kipindi, alikuwa mgambo kijana pale Watford. Aliyaandika aliyoyaona.

Kikosi unachokiona kipo katika mji wa kubuni wa pwani, Walmington-on-Sea. Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki, Sajini Wilson ni karani wake mkuu, Koplo Jones ana bucha. Yupo Frazer, Mskoti mwenye ulimi mkali. Na yupo Godfrey, mzee mstaafu anayeishi na dada zake, yule anayeomba ruhusa kwenda msalani katikati ya gwaride. Huyo ndiye ninayetaka umtazame.

Sehemu ninayoisema ilionyeshwa mwaka 1969, jina lake Branded. Godfrey anaomba kuacha mgambo. Akiulizwa sababu, anasema kwa sauti yake ile ya taratibu kwamba haamini kama ataweza kuua mtu, na kwamba hata katika Vita ya Kwanza alikataa kwenda kupigana kwa sababu ya dhamiri yake.

Elewa uzito wa maneno hayo. Mwaka 1916 Uingereza ilianza kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Takriban 16,000 walikataa kwa dhamiri. Walipelekwa mbele ya mabaraza kujieleza, na maelfu kati yao walifungwa. Hata kabla ya sheria hiyo, wanawake walikuwa wanawasimamisha barabarani vijana wasiovaa sare na kuwapa unyoya mweupe, kuwaambia kwamba ni waoga. Kwa hiyo Godfrey akisema vile mwaka 1940, Mainwaring anamwona kama mtu mwingine kabisa, na wenzake wanamsusa. Watu waliokunywa naye chai jana, leo wanampa kisogo. Hapo kicheko kinapungua, na waandishi hawakufanya haraka kukirudisha. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kisha linakuja zoezi la kupita ndani ya kibanda kilichojaa moshi. Mainwaring anazidiwa humo ndani. Anayeingia kumtoa ni Godfrey.

Wanakwenda kumjulia hali akiwa kitandani kwake. Ukutani ipo picha yake ya ujana, amevaa sare, na kifuani ana Military Medal, nishani ya ushujaa. Kumbe alipokataa kubeba bunduki alijitolea katika kikosi cha matabibu, na katika mapigano ya Somme, huko Ufaransa, alikwenda kuwatoa majeruhi huku risasi zinapita. Siku ya kwanza tu ya Somme, tarehe 1 Julai 1916, Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa. Huko ndiko alikokwenda bila silaha. Na miaka yote hiyo hakuwahi kuivaa nishani hiyo mbele ya watu. Mainwaring, ambaye kwa kawaida hakosi neno, anababaika. Anamfanya Godfrey mhudumu wa matibabu wa kikosi.

Sasa hili huenda hata wazee wako hawalijui wote. Mwigizaji wa Godfrey ni Arnold Ridley, na yeye alikuwa Somme kweli, kama askari. Alichomwa singe, akapigwa kitako cha bunduki kichwani, mkono wake wa kushoto ukabaki karibu hauna kazi. Mwaka 1939 alirudi tena jeshini na akapelekwa Ufaransa. Walipotengeneza sehemu hii alikuwa na miaka 73. Habari za Somme zikitajwa pale kitandani, mtazame macho. Mimi siwezi kumtazama nikasema huyo anaigiza tu.

Wewe ulikuwa mtoto wa kukaa macho usiku mzima na bibi yako alipokuwa mgonjwa, bila kuambiwa na mtu. Wanaokuita mpole hawajakosea, na sitaki ubadilike hata kidogo ili kuwaridhisha. Mzee anayegoma kuogeshwa saa kumi na mbili asubuhi hahitaji mkali. Anahitaji anayeweza kusubiri na bado akaimaliza kazi.

Sehemu hiyo hurudiwa mara kwa mara, itafute. Ukiipata, kaa nao uitazame mpaka mwisho, usitoke kabla ya pale chumbani. Na uwaulize kama baba zao walikuwa mgambo, kisha unipigie unisimulie.

Mama yako anakusalimu sana, anasema uvae koti zito.

Baba yako.