Umeme wa jua na nyuklia: tupime kwa kilowati-saa

Mhariri,

Wanaolinganisha nyuklia na umeme wa jua wenye betri aghalabu hupima vifaa kwa kilowati. Hapo hesabu hupotoka, kwa kuwa kinu cha nyuklia hufanya kazi usiku na mchana, na paneli hulala jua likizama. Kipimo cha haki ni kilowati-saa, yaani umeme wa kilowati moja unaotumika kwa saa moja.

Chukua megawati 10 kwa saa nne za jioni hapa Unguja, kuanzia Magharibi, taa na feni zinapowashwa pamoja. Ni megawati-saa 40 kwa siku. Betri haikaushwi kabisa, na umeme mwingine hupotelea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika majumbani, basi zinatakiwa betri za megawati-saa 46 hivi: makontena kumi na kitu ya futi 20. Kuzijaza siku ya Masika, kilowati ya paneli inapotoa kilowati-saa 3 tu, kunataka megawati 15, yaani paneli 27,000 hivi za wati 550, kilo 28 kila moja. Zaidi ya tani 750, na hekta 15 au zaidi zikifungwa chini.

Kwa umeme huohuo wa mwaka mzima, nyuklia hula mafuta ya kilo 50 hivi, uzito wa polo moja la mchele. Hilo lisemwe wazi. Ila kuyapata, mwamba wenye urani, madini yanayotengenezewa mafuta hayo, asilimia 0.1 husagwa tani 365 hivi kila mwaka, wakati paneli huchimbiwa mara moja kwa miaka 25.

Na kinu hakikatwi vipande. Kwenye kituo cha nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, kila kinu kinapita megawati 900. Waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara, wa Ras Kiromoni hadi Fumba, hubeba megawati 100, ule wa Tanga hadi Pemba 25. Nyuklia ya bara itapita humohumo, na hitilafu ya Disemba 2009 kwenye laini ya zamani ya kutoka bara iliiacha Unguja kizani miezi mitatu.

Kwetu kinachobana ni ardhi, joto na chumvi. Mashamba ya mpunga na karafuu yaachwe. Mapaa ya skuli, maghala na hoteli yapo. Betri ziwe za lithiamu, chuma na fosfeti, zisizo na kobalti, lakini hata hizo zikishinda kwenye nyuzi 40 huchakaa mapema: zitiwe kivulini, zipozwe. Boliti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na washa (pete bapa) za nailoni kati yake na fremu ya paneli. Bila ya hizo, maji ya chumvi hugeuza boliti na fremu kuwa betri ndogo, na aluminiamu ya fremu ndiyo inayoliwa. Zabuni ziyaandike haya kabla ya paneli ya kwanza kushushwa bandarini Malindi.

Mafundi wa umeme wa jua,
Unguja