Blue Jays Hawakufeli, Andikeni Stori Yote

Mhariri, habari ya kazi.

Mimi ni shabiki wa Toronto Blue Jays, timu ya besiboli ya Kanada, na naandika kwa sababu gazeti nililosoma baada ya fainali ya 2025 lilimaliza hayo mambo yote na mistari miwili tu, ati Los Angeles Dodgers wametetea kombe, Toronto wameshindwa, kisha likaruka kwa Arsenal na Man U. Mtu akisoma hivyo atadhani hii ni timu ilipigwa ikaenda nyumbani, basi. Hapana bana. Sijawahi kufuata msimu mtamu hivyo, wa mchezo wowote, na nitaeleza, mnivumilie barua ikiwa ndefu.

Muanze na 2024. Mwaka huo hawa watu walishika mkia kwa kundi lao, wameshinda mechi 74 na kupoteza 88. Besiboli ni mechi 162 kwa msimu mmoja, karibu kila siku wako uwanjani, kwa hivyo timu ikiwa mbaya unaumia kila siku kwa miezi sita. Dada yangu ni nesi huko Toronto, yeye ndiye alinitia kwa huu mchezo na zile video fupi za simu, na huo mwaka hata yeye alinyamaza, ukimuuliza jana ilikuwaje anakwambia tuongee mengine.

Sasa 2025 ikaanza. Mwezi wa nne wakampa Vladimir Guerrero Jr mkataba wa miaka 14, dola milioni 500, na ukiangalia mwezi wa tano ukiisha bado walikuwa wanasuasua huko nyuma ya New York Yankees. Mi nilikuwa nimeshakubali ni ule mwaka mwingine tu. Halafu Yankees wakakuja Toronto kwa mechi nne, na tarehe 1 mwezi wa saba, sikukuu yao ya Kanada, George Springer ambaye wengi walisema amezeeka akapiga mpira ukatoka nje na besi zote (vile vituo vitatu mtu hukimbilia kabla arudi nyumbani kupata alama) zilikuwa na watu, wakapata alama nne kwa pigo moja. Mechi zote nne wakashinda, wakapanda namba moja. Mwishowe walimaliza na ushindi 94, sawa kabisa na Yankees, wakapewa kundi kwa sababu wakikutana wao kwa wao Toronto ndio walishinda zaidi. Mara ya mwisho kuongoza kundi ilikuwa 2015.

Na si mapesa ya Guerrero peke yake ilifanya hiyo kazi, hapo ndio watu hukosea. Kuna huyu Ernie Clement, Cleveland walimuacha, Oakland wakamchukua nao wakamuacha, Toronto wakamsaini kuchezea timu zao ndogo za chini, na huyo ndiye kwa michuano ya mchujo ya mwisho wa msimu alipiga hiti 30, yaani mapigo ya kumfikisha besi salama, rekodi, hakuna mtu kwa historia ya hiyo ligi yao kubwa amewahi kufika hapo. Kuna Trey Yesavage, mrushaji, kijana wa miaka 22. Mwaka ulianza akiwa daraja la chini mno akirusha mbele ya watu wachache huko Florida, akapanda ngazi moja moja, akaitwa timu kubwa mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi yuko Los Angeles kwenye fainali (huwa ni mechi hadi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa) mechi ya tano anawatoa Dodgers 12 wakipunga fimbo hewani. Hakuna kijana mgeni wa ligi amewahi kufanya hivyo kwa fainali. Nilikuwa kazini zamu ya usiku, nafanya petroli steshoni barabara ya Kakamega, nikapiga nduru hadi dereva wa lori akashuka kuuliza kama tumevamiwa.

Mwezi wa kumi hapa kwetu mnajua ulikuwa vipi. Raila alitutoka tarehe 15, na Kisumu yote ilikuwa kwa msiba, watu walilala nje Mamboleo wakingoja kumuona, kisha akazikwa Bondo tarehe 19. Sikuwa na moyo wa kitu chochote hizo siku. Na ni hizo hizo siku Blue Jays walikuwa wanacheza na Seattle Mariners kutafuta nani ataenda fainali, nayo ni mechi hadi saba, wamepoteza mbili za kwanza nyumbani kwao, nikajua imeisha. Wakaenda Seattle wakarudisha zote mbili. Ikafika mechi ya saba, alfajiri ya tarehe 21 kwetu huku, kesho yake ya Mashujaa Dei, wako nyuma 3-1, na ni Springer tena, watu wawili kwa besi, akaupiga ukapotelea huko kwa mashabiki. 4-3. Fainali ya kwanza tangu 1993. Nililia Mhariri, na si ya besiboli peke yake ilikuwa inatoka hapo, lakini nilishukuru Mungu kuna kitu kimenifungua.

Fainali yenyewe ingetosha gazeti zima. Mechi ya tatu ilianza saa tisa usiku saa zetu, kawaida ni raundi tisa, hii ikaenda kumi na nane, masaa sita na dakika 39, ikaisha karibu saa nne asubuhi. Nilitoka zamu nikaendelea kuangalia kwa simu hapo steji ya boda Kondele, na vijana wakajazana nyuma yangu bila kujua chochote. Shohei Ohtani wa Dodgers alikuwa amewaumiza hadi wakaamua wampe besi ya bure kila akija, mara nne mfululizo. Jamaa mmoja wa boda akauliza kwani mbona wanamwacha apite, nikamweleza, akasema "huyo ameogopwa kabisa," na kutoka hapo hakuenda kubeba abiria mpaka Freddie Freeman, mwenzake Ohtani, akaimaliza. Tulipoteza 6-5. Na siku iliyofuata hawa hawa Blue Jays waliochoka hivyo wakarudi kwa uwanja ule ule wakashinda 6-2.

Mechi ya saba ilikuwa Jumapili asubuhi kwetu, tarehe 2 Novemba. Raundi ya tisa Toronto wako mbele 4-3, bado watu wawili tu watolewe na kombe ni lao, na Miguel Rojas wa Dodgers, ambaye hata si mpigaji wa kuogopwa, akasawazisha. Zamu ya Toronto ikaja, besi zote zimejaa, mtu mmoja ametolewa, mpira ukapigwa chini kwa huyo huyo Rojas, akayumba, akaurusha, na Isiah Kiner-Falefa akateleza na miguu kufika besi ya nyumbani amechelewa kwa kitu kidogo sana, kiatu cha mdakaji wa Dodgers kilikuwa kimegusa tu hiyo besi. Angefika, ni mabingwa. Raundi ya kumi na moja Will Smith wa Dodgers akawafunga, 5-4.

Sasa hiyo ndiyo mnaita kushindwa kwa mistari miwili? Mwezi wa nane mwaka huo huo Harambee Stars walitolewa CHAN na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, baada ya kupiga Kongo na Morocco na Zambia wakati hakuna mtu aliwatarajia, na hakuna Mkenya niliyemsikia akisema wamefeli, magazeti yenyewe yaliwasifu kurasa nzima na walistahili. Blue Jays ni watu wa aina hiyo hiyo, wametoka mkiani wakafika hatua moja kutoka kwa kombe, mbele ya moja ya timu zenye pesa zaidi kwa ligi yote.

Na msiseme besiboli si yetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza hiyo ligi kubwa, alianza na Pittsburgh 2017 na 2018 akavaa jezi ya hawa hawa Toronto. Hapo Uganda tu, ukishavuka Busia ushike njia ya Kampala unapita Lugazi, na watoto wa Lugazi ndio timu ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la watoto la besiboli huko Marekani, mwaka wa 2012. Mwaka mmoja kabla yao wenzao wa Kampala walikuwa wamefuzu wakanyimwa visa. Besiboli inarudi Olimpiki 2028, na huku upande wetu mtoto hajui hata fimbo yake inashikwa vipi.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Msimu wa besiboli huanza mwezi wa tatu. Wekeni kona ya matokeo hata mara moja kwa wiki, na msimamo wa makundi, nani yuko juu nani yuko chini, na timu ikifanya maajabu mtu aandike imefikaje hapo. Mkikosa mtu wa kuandika mi niko, zamu yangu ni ya usiku na hizo mechi huchezwa usiku, nitawatumia matokeo kabla hamjafungua ofisi.

Shabiki wa Blue Jays,
Kondele, Kisumu