Tuwape wageni wetu siku moja ya kutulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaombe wenzangu wa sekta ya utalii hapa Arusha waangalie upya jinsi tunavyopanga ratiba za wageni. Mimi ni dereva mwongoza watalii wa miaka mingi, na jambo hili limenikaa moyoni tangu mimi na mke wangu tulipokwenda Misri, tukapanda meli ya Mto Nile kutoka Luxor hadi Aswan.

Kwa gari safari hiyo ni ya saa chache tu, lakini meli huitumia siku kadhaa, na mwendo huo wa taratibu ndio hasa wageni wanaoulipia. Siku iliyonigusa zaidi ni ile ya Edfu na Kom Ombo. Asubuhi tulitembelea hekalu la Horus, mungu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha kipanga, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 237 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka 57 kabla ya Kristo, kisha likafukiwa na mchanga kwa karne nyingi hadi lilipofukuliwa katika karne ya 19. Mwongozaji wetu alitueleza habari za sanamu ya kipanga iliyo uani, kisha akatuacha tuzunguke wenyewe bila kutazama saa. Farasi wanaovuta mikokoteni ya wageni kutoka gatini walionekana wamechoka mno, na hilo nisingependa tuliige.

Mchana kutwa hapakuwa na ratiba. Tulikaa juu ya sitaha tukitazama mitende, mashamba ya miwa, mzee akimnywesha punda wake, na nyuma yake jangwa linaloanza ghafla pale maji ya mfereji yanapoishia. Nilifikiria kwamba sehemu ya maji yale imepita kwetu, katika Mto Kagera na Ziwa Victoria, nikaona fahari. Jioni meli ilifunga gati Kom Ombo, hatua chache kutoka hekalu lililojengwa kwa ajili ya miungu wawili, mmoja wao Sobek mwenye kichwa cha mamba, na jirani yake kuna makumbusho yenye mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale. Tuliyaona yote hayo vizuri kwa sababu miili yetu ilikuwa imepumzika.

Sisi huku tunafanyaje? Mgeni anatua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) usiku baada ya safari ndefu ya ndege, na alfajiri anapakiwa kwenye gari kuelekea Tarangire au Ngorongoro. Nimewabeba wengi waliosinzia vichwa vikigonga kioo kuanzia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, wakazinduka tu pale gari lilipoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Siwalaumu madereva, kwa sababu vibali vya hifadhi huhesabiwa kwa saa na lango likifungwa limefungwa.

Ninachopendekeza ni kwamba siku ya kwanza iwe ya utulivu, na mahali pa kuipitisha tunapo. Ziwa Duluti lililopo Tengeru, ambalo ni kasoko iliyojaa maji na kuzungukwa na msitu, lina mitumbwi ya kupiga kasia asubuhi, na siku ya Jumatano au Jumamosi mgeni anaweza kutoka ziwani akaenda sokoni Tengeru kuona ndizi zikishushwa na akina mama wakipatana bei. Anayetaka wanyama aende maziwa ya Momela katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, apige kasia huku twiga na nyati wakiwa ukingoni.

Najua wenye kampuni watasema kwamba mgeni amelipa fedha nyingi ili aone simba, si kukaa kwenye mtumbwi. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye siku tatu tu. Kwa mwenye wiki nzima haina, kwani aliyelala vizuri huona mengi zaidi Serengeti kuliko aliyefikishwa huko akiwa hoi.

Naomba ofisi zinazouza safari ziiweke siku hiyo katika bei tangu mwanzo, isiwe nyongeza ya kumwomba mgeni akiwa ameshafika. Madereva nao walipwe posho kamili kama siku ya hifadhini, maana wasipolipwa, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kumshawishi mgeni aikatae.

Wako,
Dereva mwongoza watalii,
Sakina, Arusha