Ile safari ya ziwani

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila mdogo anakohoa kohoa tangu juzi. Atakuwa ameshapona kabla ya safari.

Kwenda ziwani nimekubali, tena nilikubali kabla sijamaliza kusoma barua yako. Jumamosi ndiyo siitaki. Ukifika saa nne siku ya Jumamosi utakuta magari yamejaa, kila kivuli kina wenyewe, na majini kuna vichwa vingi hata mwanao humjui yupi. Shule zimefungwa, tuna haraka gani? Twende katikati ya juma, saa moja asubuhi tuwe langoni. Ila kwanza upige simu uulize kama sehemu ya kuogelea iko wazi, kama moto unaruhusiwa, na kama shemeji anahitaji kibali cha kuvua. Nawajua wanaume na ndoana zao.

Sasa sikiliza. Lile boya la bata ulilowanunulia watoto liache nyumbani. Najua watalia. Mimi nilikuwa na la kwangu, duara jekundu la kujaza upepo, nikajilaza juu yake hatua tatu kutoka ukingoni, nikajifunika kofia usoni. Maji yalikuwa yametulia kama yamo kwenye beseni. Nilipoinua kofia, watu ufukoni walikuwa wadogo kama njiti za kiberiti. Upepo ulikuwa ukitoka nyuma yao kuelekea ziwani, na vitu vile ni vyepesi, vinasukumwa kama tanga. Nikapiga maji kwa mikono, wapi! Nikavua kandambili nikaifanya kasia. Baada ya dakika mbili ikaniponyoka. Jaketi la kuokolea sikuwa nimevaa, maana nilikuwa "hapa hapa tu". Nilirudishwa na mzee mmoja wa mtumbwi ambaye hakunisemesha neno njia nzima, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kugombezwa.

Kwa hiyo watoto wavae majaketi. Usingoje kuazima kule, ya saizi ndogo huwahi kwisha. Mvalishe mtoto nyumbani, funga vifungo vyote, kisha mshike mabegani mwa jaketi umvute juu. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamponyoka vivyo hivyo.

Halafu kuna baridi ya chini. Jua hupasha maji ya juu tu, na maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya yale ya baridi. Unaingia unaona raha, ukipiga mbizi mita chache unakutana na maji mengine kabisa. Mwili ukishtuliwa na baridi ghafla, pumzi hukatika na unavuta hewa bila kutaka. Kama mdomo uko chini ya maji, ndio basi. Tuingie polepole. Na anayetumbukia kwa bahati mbaya asianze kuhangaika kuogelea, alale chali aelee mpaka pumzi imrudie. Mwambie shemeji asiruke kichwa mbele kutoka gatini, hata kama mwaka jana aliruka akatoka salama. Kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa misimu, hasa kama ni bwawa lililotengenezwa kwa kuzuia mto. Jiwe lililokuwa mbali chini wakati ule, leo laweza kuwa jirani.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili: mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko sawasawa na maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji kama anayepanda ngazi, na ukiwa mbali utadhani anacheza. Anaweza kuzama kabla dakika moja haijaisha. Basi tupokezane zamu za robo saa: mtu mmoja kazi yake ni kuwatazama watoto tu, hana simu, hana soga. Hata kama mlinzi wa waogeleaji yupo. Yeye ana macho mawili kwa watu wote wale.

Na Simba mnakuja naye? Kama mbwa wanaruhusiwa, sawa, lakini tukikuta maji yana utando wa kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, asiyaguse. Huo si mwani wa kawaida, ni bakteria, na baadhi yao wana sumu inayoua mbwa aliyekunywa au hata kulamba manyoya yaliyolowa. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu. Sisi wenyewe tutabaki nchi kavu tutazame ndege.

Ngurumo ikisikika, wote nje, na tusirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ya mwisho.

Nitakuja na mikeka, kamba ndefu ya kumrushia mtu na sanduku la huduma ya kwanza. Wewe lete maji ya kunywa mengi na kofia za watoto. Niandikie siku mliyoichagua, ila isiwe Jumamosi!

Wako,
Mwanaidi

Nimekumbuka: kandambili iliyobaki ni ya kushoto, bado ninayo. Tukiiona mwenzake ufukoni, ni yangu.